Dakika Moja ya Kuwa Meneja

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Karatasi ya mtihani hatuihakiki. Tunaifanya, tunapewa alama, tunaisahau. Hata hivyo, ni matini inayosomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi, na msomaji wake huwa na mengi ya kupoteza.

Kwa miezi michache sasa, mimi na wenzangu watatu wa shahada ya uzamili tumekuwa tukijiandaa kwa mtihani wa Cambridge wa Kiingereza cha biashara, ule unaojulikana kwa kifupi kama BEC. Ulianza nchini China mwaka 1993 na una ngazi tatu. Sisi tunalenga ya kati, Vantage. Nimezipitia karatasi za mazoezi nyingi kiasi kwamba nimeanza kuzisoma kama kazi ya fasihi. Basi nizihakiki kwa vigezo tulivyofunzwa: fani na maudhui.

Nitaanza na maudhui, maana ndipo penye udhaifu. Kila swali ni kisa kifupi cha kubuni. Kampuni inahamia jengo jipya, semina imeahirishwa, mteja amelalamika. Mhusika mkuu ni wewe, lakini huna umri wala mji, na kampuni yako haina nchi. Stima haipotei. Mshahara hauchelewi. Hakuna anayepata kazi kwa sababu mjomba wake ni mkurugenzi. Sidai kwamba mtihani uwe riwaya. Ila Kiingereza ambacho kijana wa Nairobi huenda akakihitaji mapema zaidi ni kile cha kumwandikia mkubwa wake kwamba hajalipwa miezi miwili, na aandike kwa namna ambayo haitamfukuzisha kazi. Katika karatasi zote tulizofanya, hatujaulizwa hilo hata mara moja.

Kwa upande wa fani, mtihani huu unastahili heshima. Karatasi ya kuandika huchukua dakika 45 na ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ujumbe kwa mfanyakazi mwenzako au kwa idara, wa maneno 40 hadi 50. Mathalani, uwaambie watu kwamba kompyuta zitazimwa, lini, na wafanye nini kabla ya hapo. Mambo matatu, maneno hamsini. Aliyelelewa na insha za shule, ambako utangulizi ulipambwa kwa methali na vivumishi, anafilisika hapa. Sehemu ya pili ni barua, ripoti au pendekezo la maneno 120 hadi 140. Kati ya vigezo vya kusahihisha, kimo kinachouliza kama maandishi yamemfikia msomaji wake: je, ameelewa, na ameandikiwa kwa sauti inayomfaa? Mhakiki yeyote angekipenda kigezo hicho.

Ndiyo sababu vijitabu vya kujiandalia vinanikera. Vingi tulivyovitumia ni orodha za vifungu vya kukariri: namna ya kufungua barua, namna ya kuomba radhi, namna ya kufunga. Kifungu cha adabu chenye maneno kumi na mawili kinameza takriban robo ya ujumbe wa maneno hamsini kabla hujasema lolote. Tulipobadilishana karatasi ili tusahihishane, barua zetu nne zilifanana kama sare za shule. Hazikuwa na kosa la sarufi, na hazikuwa na mtu ndani.

Karatasi ya kuzungumza ndiyo inayotufunua zaidi. Huchukua dakika 14. Watahiniwa huwa wawili na watahini wawili. Mmoja anauliza, mwingine anasikiliza kimya na kutoa alama. Unapewa dakika moja ya kujiandaa, kisha unazungumza kwa dakika moja hivi juu ya mada uliyoichagua, kwa mfano mambo ya kuzingatia unapomtafuta msambazaji wa bidhaa. Baadaye nyinyi wawili mnajadiliana juu ya tatizo la ofisini na kutafuta uamuzi. Kwa kuwa uwezo wa kushirikiana katika mazungumzo nao una alama zake, mwenye kuhodhi maneno hapati faida. Inabidi umsikilize mwenzako, umuulize anaonaje, ulijenge wazo lake.

Wiki za mwanzo hatukuliweza hilo. Kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize, kisha akatoa hotuba yake. Sababu naiona katika mtihani tuliotoka nao shuleni. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo. Stadi hizo hutahiniwa kwa kalamu. Tunaandika herufi zipi hazitamkwi na neno lipi hutiliwa mkazo, tunajaza mapengo ya mazungumzo ya watu wawili, na chumba kizima kiko kimya. Cheti chetu kinathibitisha umahiri wa mazungumzo ambayo hakuna mtu aliyeyasikia.

Hapo ndipo swali la pesa linapoingia. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, nasi tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Iweje tulipie mtihani wa ng'ambo ili tuaminiwe kwamba tunakizungumza? Wengine watajibu kwamba ni kasumba tu, na hawakosei kabisa. Lakini mtihani huo una watu wawili wanaoketi na kukusikiliza. Wetu hauna.

Kwa yeyote anayejiandaa, ushauri wangu ni mfupi. Weka kando orodha ya vifungu. Tafuta mwenzako, rekodini mazungumzo yenu kwa simu, kisha hesabuni ni mara ngapi mmoja alimuuliza mwingine swali. Jioni yetu ya kwanza, baada ya dakika ishirini za kurekodi, idadi ilikuwa sifuri. Wiki iliyopita ilikuwa tisa.