Besi za Jumamosi Usiku

Ukumbi wa Jiji la Durban ulikamilika mwaka 1910, umejengwa kwa kuiga ule wa Belfast, kuba na nguzo zake. Humo ndimo okestra ya KwaZulu-Natal Philharmonic imepiga kwa miaka mingi. Obo hutoa sauti moja, fidla zote zikalinganisha nyuzi zake kwa sauti hiyo, kisha mwongozaji huingia na ukumbi mzima hukaa kimya, hata kikohozi hungoja mapumziko. Naupenda usiku wa namna hiyo na kuuheshimu. Kila mpigaji ana karatasi mbele yake, na nyuma ya karatasi hiyo kuna miaka ya masomo iliyogharimiwa na mtu.

Isicathamiya, uimbaji wa Kizulu wa vikundi vya wanaume bila ala, haina karatasi. Mashindano yake yamejulikana kwa miongo mingi katika hosteli za wafanyakazi na katika ukumbi wa YMCA wa mtaa wa Beatrice, ambao siku hizi ni mtaa wa Charlotte Maxeke. Huwa Jumamosi, na watu hukesha mpaka asubuhi. Wanaume waliotoka Ladysmith, Msinga na sehemu nyingine za Natal kutafuta kazi waliishi hosteli bila wake wala watoto, na usiku huo ndio uliobaki kuwa wao. Basi wakauvalia suti, glavu nyeupe na viatu vya rangi mbili. Atakayekumbuka ngoma ya beni ya Tanganyika, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na hatua, hatashangaa.

Kiongozi husimama mbele, wenzake wakajipanga nyuma yake kwa upinde. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Huimba mstari mmoja peke yake, na kwa mstari huo wote wameshapata sauti zao. Alto huingia, teno humfuata, halafu besi. Besi ndio wengi: katika kundi la Ladysmith Black Mambazo la Joseph Shabalala walikuwa saba, kwa alto mmoja na teno mmoja. Ufundi wenyewe uko hapo. Wanaume saba wakijiachia watamfunika kiongozi papo hapo, kwa hiyo kila mmoja huishusha sauti yake chini ya ile ya jirani, akiimba huku anamsikiliza. Miguu nayo haikai. Mguu hurushwa juu, kisha hutua kwa ncha za vidole bila kishindo, wote kwa pamoja, na mstari haukatiki. Aliyewahi kuimba kwaya ya kanisani anajua jinsi pumzi inavyomponyoka mtu hata akiwa amesimama wima.

Wasikilizaji hawafungwi kwenye viti. Mama mmoja huinuka, hupanda jukwaani wimbo ukiendelea, humtengenezea mwimbaji kola ya koti, hucheza kidogo mbele yake, hushuka. Hakuna anayepoteza sauti yake.

Zamani jaji alikuwa Mzungu aliyeombwa mtaani usiku uleule, hajui Kizulu wala hajui uimbaji huu. Ukilifikiria jambo hilo, lina maana yake: vikundi vilifuata ukoo na kijiji, na mgeni ndiye pekee asiyekuwa na ndugu jukwaani. Zawadi wakati mwingine ilikuwa mbuzi. Lakini nani ameimba vizuri, waimbaji wenyewe walikuwa wameshajua kabla jaji hajafungua kinywa, kwa kuwa mwenye sikio hilo ni yule aliyewahi kusimama katika upinde ule.

Shabalala alishinda mno, hata kundi lake likaombwa lisishindane tena. Baadaye ikaja albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, ambamo kundi hilo liliimba, kisha tuzo ya Grammy, na dunia ikazisikia besi zile katika nyimbo za dakika chache. Ni heshima wanayoistahili. Hata hivyo santuri haina saa tisa ya usiku, saa ambayo kundi la kumi na ngapi sijui linapanda jukwaani likiwa limechoka, na besi bado wanashusha sauti ili kiongozi asikike. Ukifika Durban, nunua tiketi ya okestra. Jumamosi uliza mashindano yako wapi, na usiondoke mapema.