Singeli: kasi ile inapikwaje

Anayesikia singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza hudhani mtambo umeharibika. Mapigo 200 kwa dakika ni mwendo wa kawaida kabisa, na zipo biti zinazokaribia 300. Wapo wanaomaliza hukumu hapo hapo: kelele za watoto wa uswahilini. Lakini ifungue biti yenyewe kwenye kompyuta, uitazame kipande kwa kipande, utakuta hesabu.

Tuanze na malighafi. Prodyuza wa singeli hukata kipande kifupi cha muziki uliokwisha kurekodiwa, mara nyingi taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho iliyotamba kuanzia miaka ya 1990. Anatafuta mahali ambapo mwimbaji amenyamaza na kinanda kinajitapa peke yake. Anakizungusha kipande hicho kijirudie, kisha anapandisha kasi. Hapa ndipo kazi ilipo. Sauti iliyorekodiwa ukiikimbiza, noti nazo hupanda: ukizidisha mwendo mara mbili, zinapanda oktavu nzima, ukizidisha mara moja na nusu, zinapanda takribani nusutoni saba. Programu nyingi zina kitufe cha kuzuia noti zisipande. Ule ukali wa kinanda cha singeli, kama mluzi wa filimbi, hupatikana kwa kukiacha kitufe hicho bila kukigusa.

Na ukali huo una faida. Kinanda kikishahamia juu, chini panabaki peupe kwa ajili ya besi na ngoma, na katikati panabaki nafasi ya sauti ya MC anayeghani. Fundi mitambo wa studio kubwa hutumia saa nyingi kupunguza hapa na kuongeza pale ili vyombo visikanyagane. Prodyuza wa mtaani kama Mburahati anapata sehemu kubwa ya matokeo hayo kwa kuongeza kasi tu. Juu ya hayo, sauti kali hupenya vizuri kwenye spika za pembe zinazofungwa uchochoroni. Wazee wa mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli, waliligundua hilo mapema, walipopitisha vinanda vidogo vya Casio kwenye vikuza sauti chakavu. Asiyewahi kuusikia mlio ule atafute albamu ya kundi la Jagwa Music, Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Singeli imerithi masikio yale yale, ila nafasi ya kinanda cha Casio imechukuliwa na kompyuta.

Sasa mdundo. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, kila pigo linachukua robo sekunde, na mzunguko wa mapigo manane unaisha ndani ya sekunde mbili. MC hawezi kukaa juu ya kila pigo akabaki na pumzi. Anachofanya ni kuhesabu nusu: yeye yuko kwenye 120, biti iko kwenye 240, naye anajaza silabi katikati. Kiswahili kinambeba hapo, maana silabi zake nyingi ni fupi na huishia kwenye irabu, hivyo ulimi haukwami. Wachezaji nao hugawana: kiuno kinafuata mwendo wa nusu, miguu inafuata mwendo kamili.

Wanaolalamika kwamba wimbo wa singeli hauna mwanzo wala mwisho wanasahau ulizaliwa wapi. Kwenye kigodoro, ngoma ya mtaani ya kukesha, MC anataja majina ya waliopo, anayetajwa anatoka kutuza, na hakuna ajuaye watatoka wangapi. Biti lazima iweze kuendelea hadi foleni iishe. Beti na kiitikio vya nini hapo?

Redio ndiyo iliyodai kiitikio. Msanii Man Fongo alikipata kwa wimbo wake "Hainaga Ushemeji", na singeli ikaingia kwenye magari ya watu ambao wasingekanyaga mtaa kama Manzese usiku. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na nyimbo zilizofuata, zilizopunguza mwendo ili zifanane na Bongo Fleva. Kasi ikishuka, kinanda kinarudi katikati, kinakanyagana na sauti, na muziki unabaki mzito bila sababu.

Waliokataa kupunguza walipata wasikilizaji kwingine. Mwaka 2017, lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya prodyuza Sisso, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikatoa Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Poaa ndiyo ninayoiweka juu: sehemu kubwa yake haina MC, kwa hiyo unaisikia mitambo yenyewe ikifanya kazi, bila maneno ya kukuteka.

Liko deni moja ambalo kasi hailifuti. Kipande cha taarabu, hata ukikikimbiza kiasi gani, kina mpigaji wake na mtunzi wake, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawatambua wote wawili. Biti iliyobaki kigodoroni haikuwa na fedha za kugombania; inayouzwa Ulaya inazo. Dawa yake si ngumu, kwani wapiga vinanda wa taarabu wapo Dar es Salaam hiyo hiyo. Prodyuza, mwite mmoja studio, mrekodi dakika chache za vipande vipya, na mwandikiane mgawanyo kabla biti haijatoka.