Maradufu ya nani? Karatasi ya kufumia kofia na ugomvi wa kina mama wa Litein

Dada yangu mkubwa ana umri wa miaka 73 na alianza kufuma kwa sindano ya kulabu kabla mimi sijajua kusoma. Novemba iliyopita alirudi nyumbani kutoka kwenye kikundi chao cha kina mama, kando ya barabara ya Litein kuelekea Kapkatet, akaweka mfuko wake wa uzi juu ya kabati na kusema hatakanyaga huko tena. Alikuwa ameambiwa mbele ya wenzake kwamba amebania uzi wa kikundi. Kwa mwanamke aliyeshika hazina ya kanisa miaka mingi bila senti kupotea, hilo si neno dogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi kilipata oda ya boshori 120, zitolewe kabla ya shule kufunguliwa Januari. Wanachama 12 waligawiwa uzi sawasawa, kila mmoja afume kofia kumi. Walipozileta, kofia za wale vijana zilimtosha mtoto vizuri, na uzi wao ulikuwa umekwisha. Za wazee watano, dada yangu akiwemo, zilikomea juu ya masikio kama barakashia, na kila mmoja alikuwa na mabonge ya uzi yaliyobaki. Hesabu ikafanywa haraka, jinsi hesabu za namna hiyo zinavyofanywa.

Nilipokwenda kumwona nilimwomba anionyeshe karatasi ya maelekezo. Ilikuwa ya Kiswahili, imetafsiriwa kutoka Kiingereza na hao hao walioleta oda. Sitawataja, maana nia yao ilikuwa njema, na sarufi yao haina kasoro ya kuandikia makala. Mstari uliowagombanisha kina mama ulisema hivi: “Ch 84. Unganisha kwa sl st. Mzunguko wa 1 hadi wa 14: krosheti maradufu 1 katika kila st.”

“Sasa wewe msomi,” dada akaniambia, “hapo nimekosea wapi? Wameandika dabo, nimefuma dabo.”

Naam, alikuwa amefuma dabo. Na wale vijana pia walikuwa wamefuma dabo.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Neno krosheti limetoka Kifaransa na maana yake ni kulabu ndogo, basi. Una kitanzi kimoja kwenye sindano. Unaiingiza sindano kwenye tundu la mstari wa chini, unavuta uzi, sasa una vitanzi viwili. Unazungusha uzi tena na kuuvuta upite katika vyote viwili kwa pamoja. Hiyo ni stichi fupi, nayo hutoa kitambaa kizito kilichoshikana. Ukitaka ndefu, unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni. Ukivuta, vitanzi vinakuwa vitatu. Unatoa viwili, kisha viwili tena. Stichi hiyo husimama karibu mara mbili ya ile fupi.

Waingereza huiita ile fupi dabo, na ile ndefu huipa jina la mara tatu. Wamarekani huiita ile fupi singo, na ile ndefu ndiyo dabo. Kila jina la Mwingereza liko ngazi moja juu ya lile la Mmarekani, kwa sababu vitabu vya zamani vya Uingereza viliita singo ile stichi ya kuteleza tu, isiyo na kimo, kisha jina hilo likaachwa na ngazi ya kwanza ikabaki tupu.

Dada yangu alijifunza kazi hii katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, ambamo mama zetu walifundishwa ushonaji, ufumaji na mapishi kwa msamiati wa Uingereza. Vijana wamejifunza kwenye simu, na simu inasema Kimarekani. Karatasi ilikuwa imetafsiriwa kutoka kielelezo cha Marekani, lakini haikusema hivyo popote. Mizunguko 14 ya stichi fupi badala ya ndefu: kofia ikatoka nusu, uzi ukabaki. Hakuna aliyebania chochote.

Ningeweza kukomea hapo na kumlaumu mfasiri kwa kutotaja nchi. Lakini lawama yangu kwake ni nyingine. Alipofika kwenye lile jina la Kiingereza alifungua kamusi, akapata maradufu, akaandika maradufu. Kikamusi hana kosa. Swali ambalo hakujiuliza ni hili: maradufu ya nini? Katika stichi ya Mwingereza hakuna kitu kilichorudiwa mara mbili kuliko kawaida. Katika ile ya Mmarekani, labda kimo. Jina hilo lilikwisha kufa maana huko kwao. Limebaki kama jina la mtu, ambalo halikuambii chochote kuhusu mwenye kuitwa. Kulitafsiri ni kama kumtafsiria mtu jina la babu yake. Tena Kiswahili, kwa kuwa bado kiko hai, kikalifufua kwa namna yake: mama mmoja wa kutoka upande wa Konoin, asiyejua dabo ya Kiingereza wala ya Kimarekani, aliposoma maradufu alichukua nyuzi mbili akazifuma kwa pamoja. Kofia yake, waliniambia, ilisimama mezani kama sufuria.

Namsifu mfasiri kwa jambo moja. Mahali pengine katika karatasi hiyo ameandika “stichi telezi”, na hilo ni zuri. Uzi unateleza kweli, ukiupita mwingine bila kuacha kimo. Mtu akisikia neno hilo mkono wake unajua la kufanya. Kwa nini hakufanya hivyo kote?

Nilifuatana na dada hadi kwenye kikundi wiki iliyofuata, yeye akitembea nyuma yangu kwa makusudi. Kikundi hicho kina Wakipsigis, Wakisii na Waluhya, wengi wao wakiwa wana wa mashamba ya chai, kwa hiyo Kiswahili ndicho kiti chao cha pamoja. Wawili walikuwa wachuna chai katika mashamba makubwa kabla ya mashine. Wasomaji wanakumbuka mashine zilizochomwa moto Kericho mnamo Mei 2023. Wanawake hao wanazikumbuka zaidi. Mmoja aliniambia amechagua sindano hii kwa sababu mashine haijaiweza, na kwa kadiri nijuavyo ana haki: sweta hufumwa kiwandani kwa maelfu, ila kitambaa halisi cha kulabu bado hutoka mkononi. Nilikumbuka wanawake wa Ireland, ambao njaa ya miaka ya 1840 iliwafanya wauze lasi za kulabu ili wale. Sikuwaambia. Walikuwa na kofia za kumaliza.

Nilikaa nikawasikiliza wakifanya kazi. Dada na wenzake wa Kipsigis walihesabu matundu kwa lugha yao, agenge, aeng, somok, lakini stichi walizitaja kwa Kiswahili ili wote waelewe. Na hawakusema maradufu hata mara moja. Walisema “bila”, “moja” na “mbili”.

“Bila ni nini?” nikauliza.

“Bila si ni bila, Mwalimu,” kijana mmoja akanijibu, akicheka. “Kama mpira. Gor mbili, wengine bila.”

Walikuwa wakihesabu mizunguko ya uzi kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni. Ile fupi haina mzunguko wowote: bila. Ile ndefu ina mmoja. Ile ndefu zaidi ina miwili. Katika mpango huo hakuna Mwingereza wala Mmarekani, na mtu ambaye hajawahi kushika sindano anaweza kuufuata. Wazee na vijana walikuwa wakiutumia pamoja kwa miaka, bila ugomvi, mpaka karatasi ilipokuja na kuwalazimisha kila mmoja arudi kwa mwalimu wake wa kwanza.

Mimi nami, kama ilivyo desturi yetu wasomi, sikukubali kuondoka bila kuongeza langu. Nilisema stichi ni neno la kigeni, kwa nini tusiseme kifundo? Kimya. Kisha dada yangu akasema, “Fundo ni ugonjwa. Ukipata fundo kwenye uzi unalikata.” Nikafikiria fumo, kutoka fuma, lakini fumo ni mkuki, na kabla ya kufungua mdomo nilijua Liyongo angetuingilia kazini. Mshono nao hautufai, kwa kuwa hapa hakuna vipande viwili vinavyounganishwa. Stichi imebaki stichi, na sina ugomvi nayo tena.

Penye kazi kubwa zaidi ni kwenye vifupisho. Maelekezo ya ufumaji hayawezi kuandikwa kwa maneno kamili. Kofia moja ingejaza kijitabu. Mfasiri wetu aliviacha vifupisho vya Kiingereza jinsi vilivyokuwa. Mama mmoja alisoma “ch 84” akadhani ni chini, akashindwa kujua chini ya nini. Nikasema basi tuvitie Kiswahili, nikaanza kuandika ubaoni: mnyororo, m. Mzunguko, m. Mstari, m. Mkunjo, m. Kitanzi, k. Kishungi, k. Nikaacha chaki.

Kiingereza hufupisha kwa herufi ya mwanzo kwa sababu mwanzo wa neno ndipo neno linapotofautiana na jirani yake. Kwetu mwanzo wa nomino ni kiambishi cha ngeli, na ngeli haina siri: ukiandika m umeniambia tu kwamba kuna kitu katika ngeli ya M-MI, nami ningeweza kubashiri hivyo mwenyewe. Neno lenyewe limelala kwenye mzizi. Isitoshe, sikio la Kiswahili halipendi herufi tupu, linapenda silabi. Tazama UKIMWI, kutoka upungufu wa kinga mwilini. Tazama BAKITA na CHAKITA. Hakuna aliyefundishwa kuyatamka. Mataasisi hayo yanaweza hata kubeba silabi ya kiambishi, kwa kuwa jina moja husimama peke yake. Katika mstari wa kielelezo, ambamo maneno kumi yanabanana, ni lazima tuingie mzizini.

Basi mnyororo ukawa nyo, mzunguko ukawa zu, telezi ikawa te. Faida nyingine sikuitarajia: kwa kuwa kiambishi kimeondoka, wingi nao hausumbui. Mnyororo mmoja ni nyo 1, minyororo 84 ni nyo 84. Kina mama walianza kuimba mstari mzima, “nyo themanini na nne, te, zu ya kwanza, moja moja kila tundu”, na nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Furaha ilikatizwa na ruka na rudia, yote mawili yakidai ru. Tuliacha ruka iwe ruk, na rudia tukaiwekea alama ya nyota, ambayo Waingereza na Wamarekani, kwa bahati, wanakubaliana juu yake.

Kuna jambo linaloniudhi katika haya yote. Angalia neno mfumo. Limetokana na fuma. Lilikuwa neno la wafumaji, namna uzi ulivyopangwa katika nguo. Leo tuna mfumo wa elimu, mfumo wa kodi, mfumo wa kompyuta, na waziri akitaka kubadilisha watu wake magazeti huandika kwamba ameufumua uongozi. Hata mtandao una undugu na tanda, kitendo cha kutandika nyuzi za mtande kabla ya kupitisha mshindio. Sisi wa ofisini tumechukua kwa wafumaji maneno yetu bora kabisa. Siku tulipotakiwa kuwarudishia kitu, tuliwapa krosheti maradufu.

Kofia 50 zilifumuliwa. Kazi ya kulabu ina wema huo: ukivuta ncha ya mwisho yote hurudi kuwa uzi, na hakikupotea hata kipande. Walifuma tena kwa “moja”, wakamaliza kabla ya Krismasi. Mwenyekiti wa kikundi alikuja kwa dada yangu jioni moja na kibuyu cha mursik, akakaa hadi giza likaingia. Sikuambiwa walizungumza nini, na mfuko wa uzi ulishuka kutoka juu ya kabati.

Tunaandika sasa karatasi yao wenyewe, ukurasa mmoja, na kuna stichi moja imetushinda. Ni ile ya kati, ambayo uzi huzungushwa mara moja kama ile ndefu, lakini vitanzi vyote vitatu hutolewa kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu ya kina mama nayo ni “moja”, na hapo mpango wao mzuri unatoboka. Vijana wanataka “nusu”. Dada yangu anasema nusu ya nini, na baada ya yaliyompata sithubutu kumwambia swali hilo halifai. Yeye anapendekeza “moja pamoja”. Nimeacha nafasi hapo kwenye karatasi, kwa penseli.