Pongezi kwa Mpiga Litungu

Mwaka 1959 mwanamuziki wa jazi Thelonious Monk alirekodi albamu jijini San Francisco akiwa peke yake kwenye piano, akichanganya tungo zake na za wengine. Wapiga litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya wa Tarime na Serengeti nchini Tanzania, wanastahili kusikilizwa kwa umakini uleule: nyuzi 8, mtu mmoja, wimbo wa kurithi kando ya ule alioutunga mwenyewe. Wapo watakaosema wimbo wa jadi ni mali ya wote, hauna mtunzi. Sawa, lakini anayeamua mwendo wake, akarefusha kipande hiki na kukatisha kile, ametunga upya. Na akipiga peke yake, hana ngoma ya kumfichia kosa. Wanaowarekodi waandike jina la mpigaji, si “muziki wa asili” tu.