Ufundi wa Kupachika Dawa

Ukisimama nyuma ya mtu anayefanya kazi hii hutaona mengi: protini inazungushwa kwenye kompyuta, na molekuli ndogo inajaribiwa ndani ya mfuko wake, mkao baada ya mkao. Mwishowe programu inatoa alama, na wengi hudhani ufundi uko kwenye alama hiyo. Mimi nausifu ule unaotangulia.

Tuchukue kisa kinachotuhusu. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria, lakini haikupita miaka mingi ikaiachia nafasi dawa mseto. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye SP, hukaa ndani ya kimeng'enya kiitwacho DHFR na kukizuia kimelea kisitengeneze DNA yake. Usugu ulipitia hasa kwenye asidi amino moja, namba 108: serini ikawa asparajini. Watafiti wa Thailand walipochapisha umbo la kimeng'enya hicho mwaka 2003, ugomvi ulionekana kwa macho. Asparajini ina mkono mrefu kuliko serini, na mkono huo hugongana na klorini ya pirimethamini, ambayo haina pa kukwepea kwa kuwa dawa yenyewe ni ngumu, haipindi.

Sasa mpe mwanagenzi umbo hilo apachike molekuli. Kwenye faili atakuta NADPH, molekuli inayokisaidia kimeng'enya kazini. Ataifuta akidhani ni takataka, kumbe pale ndipo ukuta mmoja wa mfuko. Programu haitalalamika. Itampa alama nzuri tu za molekuli zilizojipenyeza mahali ambapo ndani ya kimelea hapana nafasi. Halafu kuna hidrojeni. Eksirei iliyotumika kulipata umbo kwa kawaida haizionyeshi, kwa hiyo fundi huamua mwenyewe zikae wapi, kwa kuijua kemia. Pirimethamini hushikana na asidi aspatiki namba 54 ikiwa imebeba chaji chanya. Sahau hidrojeni moja, na mshiko huo umeuvunja kabla hujaanza.

Vifaa vyenyewe vina heshima yao. DOCK ya Irwin Kuntz na wenzake huko San Francisco ni ya 1982. AutoDock Vina, ya Oleg Trott na Arthur Olson, ilichapishwa 2010 na hutolewa bure (bure kweli, si ile ya mwezi mmoja wa majaribio). Lakini hesabu zake ni za kukadiria, na kosa la kilokalori 1.4 kwa moli hupotosha nguvu ya mshiko mara kumi. Ndiyo maana fundi mzuri kwanza huitoa dawa iliyokwisha kuonekana ndani ya fuwele ya protini, akaiachia programu iirudishe. Ikiirudisha ndani ya angstromu 2 za mahali pake, anaendelea. Isipoirudisha, anarudi kwenye hidrojeni zake.

Umbo lile la DHFR lilizaa molekuli iitwayo P218, iliyochapishwa 2012. Mnyororo wake unapinda, unaukwepa mkono wa asparajini, na ncha yake inaishika arginini namba 122. Tena imejibana ndani ya nafasi ileile inayokaliwa na dihidrofoleti, chakula cha kimeng'enya chenyewe: kimelea kikibadilisha mfuko ili kiitapike dawa, huenda kikatapika na chakula. Kuliona hilo kunataka uzilaze molekuli hizo mbili moja juu ya nyingine kwenye kioo, uzizungushe, na utazame zinapoachana.