Mgeni wa kupita katika sinema: Sembène na Mandela

Mtu anayejulikana na wote anaweza kuingia katika filamu kwa dakika moja au mbili, bila kutangazwa, kisha akaondoka kabla mtazamaji hajamaliza kumnong'oneza jirani jina lake. Mtu huyo hapa ataitwa mgeni wa kupita, kwa kuwa hakuanza safari pamoja na wahusika wengine wala hangoji mwisho wake. Wapo wahakiki wanaomhesabu kuwa pambo tu. Hukumu hiyo inawafaa wengi wa wageni hao, lakini haiwafai wote.

Inamfaa, kwa mfano, Alfred Hitchcock. Mwongozaji huyo alijitokeza katika filamu zake nyingi: katika The Birds (1963) anatoka dukani na mbwa wawili, katika Lifeboat (1944), ambamo visa karibu vyote hutukia ndani ya mashua moja baharini, picha yake inaonekana gazetini, katika tangazo la dawa ya kupunguza unene. Watazamaji walizoea kumtafuta, hata akaona afadhali ajitokeze mapema ili akili zao zirudi kwenye hadithi. Msomaji wa tenzi hatashangaa, kwani watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho. Hiyo ni sahihi ya mtunzi. Inafurahisha, lakini haibadilishi neno hata moja la yale yaliyotungwa.

Hali ni tofauti katika Sunset Boulevard ya Billy Wilder (1950). Buster Keaton, aliyevuma katika enzi ya sinema zisizo na sauti, anaketi mezani akicheza karata na karibu hasemi kitu. Uso wake unatosha. Hadithi inamhusu mwigizaji wa kike aliyesahauliwa baada ya sinema kupata sauti. Keaton haigizi usahaulifu huo, yeye mwenyewe ameupitia. Hapa mgeni wa kupita ameleta kutoka nje jambo ambalo maneno ya mtunzi yasingeweza kulitoa.

Katika sinema ya Afrika, Ousmane Sembène alikwenda mbali zaidi. Alipotoa La Noire de... mwaka 1966, alikuwa mwandishi mwenye jina: riwaya yake Les Bouts de bois de Dieu ilikuwa imetoka mwaka 1960. Lakini aliandika kwa Kifaransa, na wengi wa wale aliowaandikia hawakujua kusoma. Ndiyo sababu aligeukia sinema. Katika filamu hiyo mwenyewe anatokea Dakar, kiko mdomoni, kama mwalimu wa mtaa ambaye pia huwaandikia watu barua. Miaka miwili baadaye, katika Mandabi, filamu iliyosemwa kwa Kiwolofu, anatokea tena kama mwandishi wa barua, naye Ibrahima Dieng, asiyejua kusoma, anamtegemea ili aielewe barua ya mpwa wake aliye Paris.

Mtu angeweza kudhani kuwa bwana mkubwa amejichagulia kikazi kidogo kwa unyenyekevu au kwa mzaha. Uchunguzi wa La Noire de... unakanusha wazo hilo. Diouana, mtumishi aliyepelekwa Antibes, anapata barua ya mama yake, barua iliyopitia mkono wa mtu mwingine. Tajiri wake Mfaransa anamsomea, kisha anaanza kumwandikia majibu bila kungoja aambiwe. Diouana anaona kwamba hayo si maneno yake, anaichana barua. Hata mawazo yake ya ndani hayatoki katika kinywa cha mwigizaji Mbissine Thérèse Diop: mtazamaji anayasikia kwa Kifaransa, kwa sauti ya msanii wa Haiti, Toto Bissainthe. Filamu nzima inauliza nani ana haki ya kusema badala ya nani. Kwa kujiweka katika nafasi ya mwandishi wa barua, Sembène hajitoi nje ya swali hilo. Yeye pia amechukua maneno ya wengine na kuyatia katika lugha wasiyoijua. Sahihi ya Hitchcock inasema kazi hii ni yangu. Uso wa Sembène ni kama ungamo.

Swali hilohilo linarudi, kwa sura nyingine, mwishoni mwa Malcolm X ya Spike Lee (1992). Baada ya zaidi ya saa tatu, wanafunzi wanasimama mmoja mmoja na kujitangaza kuwa wao ni Malcolm X. Hapo mwongozaji amesisitiza kupita kiasi, kana kwamba mtazamaji hana akili. Lakini mbele ya darasa la Soweto amesimama Nelson Mandela, aliyetoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Anakariri maneno ya Malcolm kuhusu haki ya mtu mweusi ya kuheshimiwa kama binadamu. Maneno hayo yalisemwa New York tarehe 28 Juni 1964, siku 16 tu baada ya Mandela kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Yalibaki maneno machache ya mwisho, yanayosema kwamba haki hiyo itadaiwa kwa njia yoyote itakayohitajika. Mandela alikataa kuyatamka. Alihofu kwamba serikali ya ubaguzi, ambayo chama chake kilikuwa kikijadiliana nayo, ingeyatumia dhidi yake. Na aliyekataa si mtu aliyeogopa silaha, kwani mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Umkhonto we Sizwe. Lee hakutafuta mwigizaji mwingine, wala hakuyafuta maneno. Alikata picha, akamrudisha Malcolm mwenyewe kutoka filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, naye akayasema.

Mshono huo unaonekana wazi, na anayependa ulaini wa fani anaweza kuulaumu. Lakini mgeni mtiifu angeyasema yote na kusahauliwa. Mandela aliingia katika filamu akiwa na mazungumzo yake yasiyokwisha, na filamu ikalazimika kuyapisha.

Jambo hili lina uzito kwa wanaotia filamu sauti ya Kiswahili. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki msimulizi mmoja hufasiri vinywa vyote kwa sauti yake peke yake, na mara nyingi hufanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Akifika kwenye darasa la Soweto na kuendelea bila kubadilisha sauti, atakuwa amemtamkisha Mandela yale aliyokataa kuyatamka. Mahali hapo panahitaji wasemaji wawili, au angalau msimulizi anyamaze kidogo, picha ibadilike, ndipo ataje jina la Malcolm.