Mamba wa Kale na Deni la Jina

Anayekaa Mgori hukaa na mawe. Majabali ya graniti ya huku kwetu Singida yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yalikuwa yamekwisha kupoa zamani sana kabla mnyama wa kwanza hajatambaa duniani. Kwa sababu hiyo, hata ungeyapasua yote, hutakuta mfupa ndani yake. Mwenye kutaka mifupa ya kale sharti ashuke kusini hadi bonde la Mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Huko, katika mawe ya mchanga na tope yaitwayo Tabaka za Manda, wamelala wanyama wa kipindi cha Triasiki, walioishi yapata miaka milioni 240 iliyopita.

Mimi si mtaalamu wa mifupa. Ninachokijua kidogo ni maneno. Kwa hiyo, msomaji wangu, naomba tuyahakiki majina waliyopewa wanyama hao kama tunavyohakiki shairi: fani yake, maudhui yake, na aliyetungiwa ni nani.

Majina ya kwanza yalitungwa kwa Kiyunani na Kilatini, na sifa zikaenda kwa mgeni aliyeokota. Stenaulorhynchus stockleyi, mla majani mwenye mdomo kama wa kasuku, anamkumbuka Stockley, mjiolojia wa serikali ya kikoloni. Parrington wa Cambridge, aliyekusanya mifupa bondeni humo mwaka 1933, alipata Parringtonia, na mwaka 2013 akapata tena Nyasasaurus parringtoni, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote, au jamaa yao wa karibu mno. Teleocrater rhadinus, naye wa mwaka 1933, alingoja maelezo rasmi hadi 2017. Jina lake lataja tundu la nyonga lililozibwa na mwili mwembamba. Kwa mpima mifupa ni jina sahihi. Kwa mtoto wa Songea ni mlango uliokomewa.

Kisha Kiswahili kikabisha hodi. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa dinosaria, mwenye urefu wa mita 1 hadi 3. Maudhui ni mazuri: asili, na ukongwe. Fani ina kasoro. Kwa sarufi yetu mnyama ni mkongwe. "Kongwe" peke yake husemwa juu ya nyumba au dawa. Aliyetunga jina alichukua neno katika kamusi akaliacha bila kiambishi, kama mtu aliyepewa kanzu akasahau kofia. Hata hivyo neno lenyewe ni letu, na tunalielewa.

Nundasuchus songeaensis, wa mwaka 2014, ananipendeza zaidi. Alikuwa mla nyama wa karibu mita 3, wa ukoo uliozaa mamba. Kamusi itakwambia nunda ni mnyama mkali. Sisi tuliosimuliwa hadithi tunamjua Nunda mla watu, paka wa sultani aliyeachiwa ale kuku, akala mbuzi, mwisho akala watu. Neno moja limembebesha mnyama wa mawe hadithi nzima. Hiyo ndiyo kazi ya jina zuri.

Mambawakale ruhuhu alitangazwa mwaka 2022. Fuvu lake linakadiriwa kuzidi sentimita 75. Mkosoaji atasema huyu hakuwa mamba hasa, bali wa ukoo mmoja na mamba. Nami nitamjibu kwamba jina ni sitiari, halikuwa hati ya nasaba. Atasema pia kwamba "wa" huandikwa mbali. Kweli, lakini hebu lihesabu jina zima: ma-mba-wa-ka-le-ru-hu-hu. Mizani 8, sawasawa na mshororo wa utenzi! Sidhani kama wataalamu wale walikusudia, lakini sikio la Mswahili litalipokea jina hilo bila kusukumwa.

Lililo kubwa zaidi ni sababu ya jina lenyewe. Mfupa huo ulichukuliwa mwaka 1963 na msafara wa Waingereza, nao umo katika makumbusho ya London. Watanganyika walifanya kazi kubwa katika msafara ule, na majina yao hayakutajwa. Waandishi wa 2022 walisema wazi kwamba wamechagua Kiswahili ili kuutambua mchango huo. Nawapongeza. Lakini hapa ndipo uhakiki wangu unapokaza kamba. Stockley alipewa jina lake, Parrington alipewa lake mara mbili. Mchimbaji wa Ruhuhu akapewa lugha. Lugha ni ya watu wote, na heshima iliyogawiwa watu wote haimfikii mtu mmoja mlangoni kwake.

Mgori tunalo somo dogo juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilikabidhiwa usimamizi wa msitu wetu wa miombo. Kuuita "wetu" tulikuwa tukiuita tangu zamani. Uliponea pale walinzi walipotoka vijijini na sheria zikatungwa vijijini. Jina lilitangulia, madaraka yakafuata, na vyote viwili vilihitajiwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Majina ya Kiswahili ni malipo ya kwanza ya deni la haki, na yapokelewe kwa shukrani. Malipo mengine yameanza: mifupa ya Asilisaurus ina namba za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Yaliyobaki ni mtaalamu Mtanzania kuandika maelezo ya kwanza yeye mwenyewe, na jina la aliyeinama kwanza juani akauona mfupa liandikwe siku hiyo hiyo, kabla halijasahauliwa.